Walimu wakuu hawang'atuki kwa uvivu

Mhariri,

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi akiomba kurudi darasani, watu husema kazi imemshinda. Itazameni kazi yenyewe. Kiwango cha mgao wa serikali ya Kenya ni Sh1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na fedha huja kwa mafungu, mara nyingi zimechelewa. Shule ya watoto 150, hata zikifika zote, haipati Sh215,000: humo mna chaki, karatasi za mtihani, umeme, ukarabati na mshahara wa mlinzi. Huku Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, kila mfuko wa saruji huongezewa nauli ya mashua, ilhali kiwango ni kile kile cha Malindi mjini. Mwenye duka akidai, humwandama mwalimu mkuu, si wizara.

Tangu 2023 sekondari ya msingi (gredi ya saba hadi ya tisa) imo uani mwa mwalimu mkuu huyo, pamoja na walimu wake na manung'uniko yake. Yeye ni katibu wa bodi ya shule, hutia saini hundi, humjibu mkaguzi wa hesabu, na bado ana vipindi. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa akikwama kusajiliwa mtandaoni, mgao wake haupo, na kumfukuza ni haramu kisheria.

Marupurupu yaongezwe, sawa. Lakini kwanza shule za visiwani zipewe karani wa hesabu.

Msomaji,
Lamu