Barua kwa Mwanangu Kabla ya Ijumaa

Umoja, Nairobi
17 Agosti 2025

Mwanangu mpendwa,

Nimeona nikuandikie, kwa sababu nikianza kuyasema haya jikoni utanijibu "sawa, mama" kabla sijafika katikati, nami nitanyamaza kama kawaida yangu. Ni ndugu yako mdogo, wala si wewe, aliyeniambia kwamba Ijumaa jioni wewe na wenzako watatu mliomaliza nao kidato cha nne mtaanza ule mchezo wa mtandaoni uitwao Albion Online, na kwamba mmeafikiana kuucheza pamoja hata mtakapotawanyika vyuoni, wewe Eldoret, mmoja Njoro na wawili watakaobaki hapa mjini. Sina kinyongo na mpango wenyewe. Kilichonikwaza ni kwamba uliona afadhali nisijue, nikabaki kujiuliza ni kasoro gani uliyoiona mapema ukaamua kunifichia.

Kwa kuwa sipendi kukemea jambo nisilolijua, jana nilimwomba binamu yako anayenisaidia kibandani, ambaye ameucheza mchezo huo kwa miaka miwili, anionyeshe wote tangu mwanzo. Manyunyu yalikuwa yamewafukuza wateja, kwa hiyo tulikaa juu ya marobota mawili ya mitumba ambayo hayajafunguliwa, simu ikiwa katikati yetu. Alinieleza kwamba umetengenezwa na kampuni ya Berlin, Ujerumani, ukafunguliwa rasmi Julai 2017, ukaingia kwenye simu Juni 2021, na kwamba kuingia ni bure. Alinieleza pia kwamba humo hakuna anayezaliwa mganga wala askari, bali nguo na silaha ulizovaa ndizo zinazokupa uwezo, na ukizivua ukavaa nyingine umekuwa mtu mwingine. Hapo nilicheka hadi jirani akachungulia, maana nimeuza nguo katika soko la Gikomba kwa miaka kumi na tisa nikiwaambia wateja maneno hayohayo.

Halafu akafika kwenye masoko, na hapo sikuhitaji tena mkalimani. Karibu kila kitu kinachovaliwa na kushikwa humo kimetengenezwa na wachezaji wenyewe: mmoja anachuma pamba, mwingine anaifuma iwe kitambaa, mwingine anashona joho na kulipeleka sokoni. Kila mji una soko lake na bei zake, na bidhaa haziruki kutoka soko moja hadi jingine, kwa hiyo mwenye akili hununua Lymhurst mahali kitambaa ni rahisi, akampakia maksai wake na kwenda kuuza Caerleon. Mwanangu, hiyo ndiyo kazi iliyokulisha. Tena wewe ndiye uliyegundua ukiwa kidato cha pili kwamba koti ninalouza mia tatu Gikomba linauzwa mia tano soko la Toi, ukanichorea jedwali kwenye daftari la hisabati, na jedwali hilo bado ninalitumia ingawa sijawahi kukuambia. Nikaelewa kwa nini mchezo huu umekuvutia kuliko ile ya kupigana tu. Ninaamini utauweza, na pengine utawashinda hao wenzako, ambao mmoja wao, nisamehe, hajui hata kuhesabu chenji.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ardhi ya humo imegawanywa kwa rangi. Kwenye buluu uko salama, kwenye manjano unaweza kuangushwa na wachezaji wengine lakini mali yako hubaki yako, ila kwenye nyekundu na nyeusi ukiuawa unaporwa vyote, ulivyovaa na vilivyomo mfukoni. Baadhi huharibika papo hapo na vilivyosalia humwendea aliyekuua. Caerleon imezungukwa na nyekundu. Binamu yako alikuwa na mzigo wa kitambaa alioukusanya kwa wiki mbili, akataka kunionyesha jinsi mfanyabiashara anavyoufikisha huko.

Maksai alikuwa akitembea taratibu kando ya msitu, na mimi nilikuwa nimeshika shati ninalolikunja huku nikitazama. Wakatokea wawili juu ya farasi, majina yao yameandikwa kwa rangi nyekundu juu ya vichwa vyao. Binamu yako akainamia simu, vidole gumba vikaenda mbio, na kabla sijalimaliza lile shati mhusika wake alikuwa chini na wale wawili wanapekua. Hakusema neno. Nilidhani ataifunga simu, lakini kidole chake kilikuwa tayari sokoni kinanunua maksai mwingine na nguo nyingine kwa bei ambayo hakuisoma. Mteja alisimama mbele yetu akauliza bei ya suruali mara mbili, na yeye hakumsikia. Ndani ya robo saa alikuwa amerudi njia ileile, na wale wawili walikuwa wangali pale.

Ile robo saa ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Kuporwa kumo ndani ya mchezo na wachezaji wote huporwa, hata walio hodari, kama vile hakuna mfanyabiashara wa Gikomba ambaye hajawahi kufungua robota bovu. Ninachokuomba ni kimoja: siku utakayoporwa, funga simu ulale, urudi kesho. Binamu yako mwenyewe aliniambia, bila kujua anajishtaki, kwamba ujuzi uliojipatia kwa kuchuma, kufuma au kupigana haupotei ukiuawa, kwamba kinachopotea ni vitu tu. Basi unamkimbilia nani usiku huo? Kitambaa kitakuwepo kesho asubuhi, pengine kwa bei nafuu zaidi, na wale wa farasi watakuwa wamelala.

Labda utasema mama anafananisha mchezo na maisha. Ninafananisha uso na uso, kwa sababu uso aliokuwa nao binamu yako ninaujua. Ule moto wa Gikomba wa Juni 2018, ulioua watu 15, unaukumbuka mwenyewe na sitauhadithia. Usilolijua ni kwamba siku ya nne, majivu yakiwa bado na moshi, nilikopa kwa programu mbili za simu kwa mara moja, nikanunua robota la sweta la kilo 45 kutoka kwa mtu nisiyemjua, bila kuuliza linatoka wapi, kwa sababu nilitaka kuyarudisha yote kabla ya mwisho wa mwezi. Nilipolifungua, kamera, zile nzuri za daraja la kwanza, hazikufika kumi. Zilizobaki zilikuwa fagia, mabaki duni ambayo hata wauza fagia waliyakataa. Dada wa kibanda cha pili aliyekuwa ameunguliwa kama mimi alikaa mwezi mzima akiuza chai kwenye chupa, nami nilimwona mzembe. Leo ana vibanda viwili na mimi bado nina kimoja. Na kwa kuwa tumefika hapo, safari ya Kisumu ya darasa la sita haikuahirishwa na mwalimu wenu. Ni mimi niliyekuambia hivyo.

Tuendelee. Kuna dhahabu na kuna fedha humo, na fedha ya humo ni fedha kweli, ile nyeupe, kwa hiyo usichanganye. Fedha unaitafuta kwa kucheza na kuuza, ilhali dhahabu hununuliwa ama kwa fedha hiyo kutoka kwa wachezaji wengine, ama kwa pesa halisi, na dhahabu ndiyo inayolipia hadhi wanayoiita Premium, inayomfanya mchezaji asonge haraka. Nimefurahi kusikia kwamba mvumilivu anaweza kuilipia hadhi hiyo kwa fedha ya humo ndani pasipo kutoa hata shilingi moja, na ningependa uwe huyo mvumilivu. Lakini najua usiku wa kuporwa ulivyo. Simu yako na M-Pesa yako ni kitu kimoja, mkopo wa kujikimu wa HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, utapitia mkononi mwako, na hakuna atakayekuwa kando yako kukuuliza unanunua nini saa saba za usiku. Sikukatazi kutumia shilingi mia mbili zako kwa mchezo kama wengine wanavyozitumia kwa chipsi. Ninakukataza kuzitumia ndani ya saa ile ya uchungu. Ukiamka asubuhi, ukanywa chai, na bado ukaona zinafaa kutolewa, zitoe.

Kuhusu usiku wenyewe, mkubaliane mapema mtacheza kwenye seva ipi, yaani ile kompyuta kuu inayouendesha mchezo, kwa maana mhusika hahamishwi kutoka seva moja kwenda nyingine. Ziko tatu, ya Amerika, ya Asia na ya Ulaya iliyofunguliwa mwaka 2024. Yule mwenzenu mwenye kaka huko Marekani atawashawishi mwende ya Amerika ili kaka yake awasaidie. Fanya hesabu: watu wa New York wakikusanyika saa tatu za usiku kwao, hapa kwetu ni saa kumi alfajiri, na vita vyao vikubwa vitakuwa wakati ambao wewe unapaswa kuwa umelala kwa ajili ya mhadhara wa saa mbili. Ya Ulaya mtapishana na Berlin kwa saa moja tu majira haya. Mtu aliyekesha haamui vizuri, na ukikesha ndipo utakaporudi njia ileile mara nne.

Mtaitwa pia kujiunga na chama. Humo nako kuna vyama, vyenye viongozi, sanduku la pamoja na hata kodi inayokatwa kwenye fedha mnayoipata, na nimeweka hazina ya chama chetu cha Alhamisi kwa miaka sita, kwa hiyo nisikilize. Msiingie chama siku ya kwanza. Mtazameni kwanza kiongozi wake anavyosema na mtu aliyepoteza. Anayemwambia mgeni "vaa nguo zako bora tukupeleke mahali pazuri" baada ya kujuana kwa dakika tano huenda anampeleka kuporwa. Na akiwepo kiongozi anayemwambia aliyeporwa usiku, "nenda ukalale, kesho tutakupa maksai," huyo mfuateni. Neno la siri la akaunti usimpe mtu, hata binamu yako, na usinunue fedha ya mchezo kwa watu wanaoiuza nje ya mchezo. Imekatazwa na wenye mchezo, na akaunti inaweza kufungwa.

Nimeona maneno yamekuwa mengi na bado sijakuambia habari za nyumbani. Tokeni za stima zimebaki chache, na kompyuta ya ndugu yako ikiwa inawaka pamoja na pasi hazitafika Jumatano, kwa hiyo pigeni pasi kwa siku moja. Wi-Fi tunaigawana na mama wa nyumba ya pili, naye ana mtoto anayesomea mtandaoni jioni. Muulize kwanza kabla ninyi wanne hamjaupakua mchezo wenu sebuleni kwangu. Sufuria ya ugali ya juzi iliachwa bila kulowekwa, na sitataja ni nani aliyeiacha kwa kuwa yumo katika barua hii. Maji yakija kesho jazeni mitungi yote, si ule mmoja wa karibu.

Eldoret ni baridi kuliko unavyodhani. Nimekutengea mablanketi mawili ya kamera kutoka kwenye robota la wiki iliyopita, pamoja na lile koti la kijani ambalo wateja watatu walilitaka nikawaambia limeuzwa. Usilipe mtu koti hilo. Ukifika bwenini, simu yako iwe mbali na kitanda, kwenye meza, ili ukiporwa uwe na hatua tatu za kutembea kabla hujaifikia. Hatua tatu huwa zinatosha kwa mtu mwenye akili kama yako, ingawa mimi mwaka ule hazikunitosha.

Binamu yako, nisisahau, alirudi kwangu leo baada ya kanisa, akaniambia ameanza upya kuchuma pamba kwenye buluu, polepole, na kwamba jana hiyohiyo alikuwa amerudi mara tatu zaidi nilipokuwa nahudumia wateja. Hakutaka nikuambie. Nimekuambia kwa sababu anakupenda, na kwa sababu yeye ndiye atakayewafundisha Ijumaa. Umsikilize katika yote isipokuwa hilo.

Sanduku lako lipo kwa fundi wa zipu pale karibu na stegi. Lichukue kesho kabla ya saa kumi na mbili, maana hufunga mapema, na nimeshamlipa mia na hamsini, asikudai tena. Ijumaa chezeni, mimi nitakuwa chumbani nikishona vifungo vya makoti na sitatoka kuwachungulia. Ukiporwa, gonga mlango, uje unishikie taa.

Mimi mama yako