Kaka, usimwite "njoo"

Shikamoo kaka.

Naandika hapa kwa sababu ujumbe wangu wa simu huujibu. Wifi kaniambia blogu hii unaisoma usiku, ukidhani hatujui. Basi soma.

Umewaambia watu wa nyumbani kwamba nimekuibia mtoto. Nitafika huko. Kwanza panya, hawa ninaowafundisha kunusa mabomu.

Ulinicheka nilipopata kazi hii. "Tumesomesha mtu akalishe panya Morogoro!" Mama naye alicheka, lakini yeye aliuliza wanafundishwaje, nikamweleza mpaka chai ikapoa. Wewe hukuuliza.

Panya buku mdogo huanza na mlio. Unabofya kidude, kinalia tik, unampa ndizi. Tik, ndizi. Tik, ndizi. Siku zikipita, akisikia tu mlio anageuka kutafuta mkono wako. Kisha mlio unaanza kuwa na masharti: akinusa baruti ya TNT akatulia hapo, tik. Akipita bila kutulia, hapati kitu. Hakuna kofi wala kufokewa, ndizi tu haiji. Ni kazi ya kama miezi tisa. Magawa, yule aliyezaliwa hapa hapa Tanzania akapelekwa Kambodia, alifichua mabomu ya ardhini na silaha nyingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu. Kwa ndizi na karanga, kaka.

Waliolichunguza jambo hili ni Wamarekani. Thorndike alifungia paka kwenye maboksi, akaandika mwaka 1898 jinsi walivyojifunza kufungua mlango ili wakale. Baadaye Skinner na panya wake waliobonyeza chuma wapate tonge. Nilipomsimulia mama alisema hilo halihitaji kwenda Marekani: kuku ukimmwagia mtama mlangoni leo, kesho utamkuta mlangoni.

Ila kuna kitu ambacho mimi sikukijua mpaka niliposhika panya mkononi. Mnyama hajui ulichokusudia. Anachojua ni alichokifanya sasa hivi, na kilichomfuata.

Sasa arobaini ya mama.

Elfu kumi ya sukari ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Mtoto kajificha nyuma ya choo. Ukasimama chini ya mwembe ukamwita kwa sauti ile ya mama kabisa: "Njoo mwanangu. Njoo, sikupigi." Akaja. Hakukokotwa na mtu, alikuja kwa miguu yake, mkono mmoja umeshika kaptula isimvuke, akakwambia mwenyewe kwamba hela imemdondoka njiani. Ukavua mkanda.

Watu mkekani waliinamisha vichwa kama wanaosoma kitu.

Ulidhani unaadhibu upotevu wa hela. Hela ilipotea saa nne nyuma! Tendo lililokuwa karibu na mkanda ni kuitika alipoitwa na kusema kweli, na hayo mawili ndiyo yaliyochapwa. Leo mwaka wa pili. Nikimwita aje kula, anasimama kwanza mlangoni anaangalia mikono yangu.

Najua utasema sote tulichapwa na tukawa watu. Tulichapwa, ndiyo. Mimi fimbo za baba zilinifundisha kuutambua mlio wa baiskeli yake tangu kule barabarani. Sikumbuki zilinifundisha kitu kingine. Wewe unakumbuka?

Nami siku ile nilikuwa nimebeba sinia la pilau la masheikh. Sikuliweka chini. Nilizunguka kwa upande wa jikoni, nikalipeleka. Hilo nalijua, huna haja ya kunikumbusha mbele za watu kama ulivyofanya Idi.

Lakini mtoto sikumwiba. "Mchukue, kanishinda," hayo ni maneno yako, wifi shahidi, na begi ulilifunga wewe.

(Wasomaji mnisamehe, haya ni ya nyumbani.)

Tuje kwenye hela, maana huko ndiko mimi nilikokukosea. Njiwa akipewa punje kila anapodonoa, siku ukisitisha anaacha mapema. Lakini ukimpa mara baada ya madonoo matatu, mara baada ya arobaini, asijue ni lini, huyo atadonoa mpaka uchoke wewe. Hivyo ndivyo nilivyokufanya kwa M-Pesa. Nakataa mara tatu, ya nne ukifoka natuma elfu thelathini. Wewe unapata hela. Mimi napata kimya, nalala. Na kile kimya ni malipo vilevile, kaka: kero ikiondoka mara tu baada ya tendo, tendo linaota mizizi. Nani alikuwa anamfundisha nani, sijui.

Ramadhani nikakata. Kazini tunajua kwamba ukikata ndizi ghafla, panya kabla ya kuacha huweza kuzidisha kwanza, akakwaruza kwa fujo. Zikaja simu kumi na tisa siku moja, kisha ule ujumbe wa "mwizi". Nikasema moyoni, ndiyo hiyo, nivumilie, itapita. Nikajiona msomi kweli.

Wiki iliyofuata wifi akaniambia siku ile hukuwa na shida ya hela. Ulikuwa umeota mama, ukataka kuisikia sauti ya mwanao.

Kaka, ningejuaje? Mwaka mzima simu yako ni hela, halafu siku moja isiyo hela nayo inaita kwa mlio ule ule. Mtu yeyote asingepokea. Nimelizungusha hili kichwani kila namna, na kila namna naona nilikuwa na haki, na bado zile simu kumi na tisa sijazifuta.

Jumamosi namleta, basi la saa mbili asubuhi. Tafadhali usimwite. Hata kwa wema usimwite. Kaa barazani na kahawa yako, weka kashata pale kwenye kigoda, uangalie barabara. Akisogea hatua moja usiseme kitu. Akifika kwenye mwembe atasimama, usiinuke. Inaweza kuchukua siku mbili na mimi nimeomba likizo ya siku nne.

Na hela sina, nakwambia mapema.