Ruzuku ya ulinzi iambatane na mikopo ya halmashauri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotolewa bila riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Naiunga mkono kwa dhati. Tatizo ni kwamba tunaongezewa mtaji, huku mlango unaoulinda ukiwa wa mbao na kufuli moja.

Mwaka jana duka la jirani yangu hapa Buguruni lilivunjwa usiku. Kufuli lilikatwa likaachwa kizingitini. Simu za uwakala, vocha na mauzo ya siku mbili vikaondoka. Jirani alikuwa na mkopo wa kikundi, na marejesho hayasubiri upelelezi wa polisi. Wenzake wanne walichanga kumlipia, mitaji yao nayo ikayumba. Mwizi aliingia duka moja, wakaumia watu watano.

Nashauri halmashauri zitenge, nje ya mikopo hiyo, ruzuku isiyorejeshwa kwa ajili ya milango ya grili, kufuli imara na taa za sola za nje. Malipo yaende moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea wa mtaa husika, baada ya afisa maendeleo ya jamii kukagua kazi. Waanze na mawakala wa fedha kwa simu, maana hao ndio wanaofunga duka usiku wakiwa na fedha taslimu, na wezi wanalijua hilo.

Mfanyabiashara mdogo,
Buguruni, Dar es Salaam