Changarawe za Bennu

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Natumai u mzima wa afya na wote nyumbani hawajambo. Mimi sijambo.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, hasa pale unaposema kupeleka roboti angani ni kutupa fedha, maana picha za sayari tumeshazitazama tukashiba. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Picha tunazo, kweli, lakini mwenzangu, ngoja nikupe habari ya changarawe.

Chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kiitwacho OSIRIS-REx kiliondoka mwaka 2016 kwenda Bennu, asteroidi (mwamba unaolizunguka Jua) yenye upana wa kama nusu kilomita. Tarehe 20 Oktoba 2020 kilinyoosha mkono, kikaigusa kwa sekunde chache tu, kikapuliza gesi ya nitrojeni ili kutimua vumbi na vijiwe, kisha kikajiondokea. Kumbe uso wa Bennu haukushikana; mawe yamelaliana tu, na mkono ulizama karibu nusu mita. Ukazoa vingi mno, hata vijiwe vikakwama kwenye kifuniko na vingine vikawa vinavuja na kupotea angani. Ikabidi mzigo ufungiwe haraka ndani ya kapsuli.

Kapsuli ilitua kwa mwavuli jangwani Utah, Marekani, tarehe 24 Septemba 2023. Kule Houston, kwenye maabara ya NASA, mafundi walipofungua chombo cha mzigo, vifungo 2 kati ya 35 vikagoma. Usifikiri wangeweza kuchukua zana yoyote wakavunja. Mzigo ulikuwa ndani ya sanduku lililojaa nitrojeni, na mafundi huingiza mikono humo kupitia glavu zilizoshikizwa ukutani mwake. Zana walizoruhusiwa kutumia humo hazikufua dafu. Wakabuni nyingine, wakazijaribu, na Januari 2024 vifungo vikaachia. Jumla ya mzigo ilikuwa gramu 121.6. Mimi subira ile naistahi kuliko hata safari yenyewe.

Utauliza, kwa nini waiogope hewa namna hiyo? Jibu lilitoka Januari 2025. Ndani ya changarawe zile mlikuwa na chumvi za aina mbalimbali, zilizobaki pale maji yalipokauka kwenye mwamba mkubwa uliozaa Bennu, zaidi ya miaka bilioni 4 iliyopita. Kimondo kinachojiangukia Duniani hupata unyevu, na chumvi kama hizo huharibika upesi. Tungeokota vimondo miaka na miaka bila kuziona. Pamoja nazo walikuta asidi amino 14 kati ya 20 ambazo viumbe hai hutumia kujengea protini, na besi zote 5, yaani zile kemikali zinazobeba taarifa za urithi katika DNA na RNA. Si uhai huo, Rehema, ni malighafi yake. Na kuna jambo lililonishangaza zaidi: asidi amino nyingi huwa na maumbo mawili, la kushoto na la kulia. Viumbe wa Dunia hutumia karibu la kushoto tupu. Za Bennu zimechanganyika karibu nusu kwa nusu. Basi ushoto wetu ulitoka wapi? Wako waliodhani ulishuka na mawe kama haya, na sasa itawabidi wafikiri upya. Picha gani ingetuambia hayo?

Wachina nao wameonyesha njia. Juni 2024 chombo chao Chang'e 6 kilileta karibu kilo 2 za udongo kutoka upande wa Mwezi tusiouona kamwe, jambo ambalo halikuwa limefanywa na yeyote kabla yao.

Sasa nikwambie linaloniuma. Julai 2024, huko Mirihi, roboti Perseverance ya NASA ilikuta mwamba uliopewa jina Cheyava Falls, katika bonde la mto wa kale. Una madoadoa yenye kingo nyeusi, mfano wa ngozi ya chui, na ndani yake madini ambayo hapa Duniani mara nyingi huhusiana na vijidudu. Yanaweza kutokea bila uhai pia, na wanasayansi wamelisema hilo waziwazi. Ili kukata shauri, sampuli lazima ifike maabara. Imeshatobolewa, imetiwa kwenye mrija, mrija umezibwa. Usafiri wa kuileta ndio haupo! Mwaka 2024 NASA yenyewe ilisema mpango wake wa kuzileta sampuli za Mirihi ungeweza kugharimu hadi dola bilioni 11 na mzigo usifike kabla ya 2040. Ni fedha nyingi, sibishi. Lakini kuchimba kitu cha namna ile kisha kukiacha palepale, huo ndio ninaouita upotevu. Wachina wanapanga kurusha Tianwen-3 mwaka 2028 hivi ikachukue sampuli zao huko Mirihi, na mimi naiombea ifanikiwe.

Kama ungepewa wewe kalamu ya bajeti, ungekata kipi ili mrija ule urudi? Nijibu hilo moja, kwa kirefu. Na tarehe 13 Aprili 2029 uiweke akilini: asteroidi Apophis itatupitia kwa umbali wa kilomita 32,000 hivi, na chombo kilekile cha Bennu kinaelekea kuichunguza.

Wasalimie wote.

Rafiki yako,
Salma