Wito wa harambee: nyumba ya Mtopanga ipate watu wa kukesha

Kwa ndugu, jamaa na majirani wa Kisauni, Mtopanga, Bamburi na Kongowea, na kwa watoto wetu walioko ng'ambo. Assalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wazazi na walezi wa watu wenye ulemavu mzito, na ni mama wa binti wa miaka 26 mwenye usonji na kifafa. Tunawaandikia kwa sababu nyumba tunayo, ila mpaka leo hakuna anayelala ndani yake.

Ni nyumba ya vyumba vinne hapa Mtopanga, Mombasa, tumeipanga tangu Januari. Kabla yake tulikataliwa nyumba tatu, wenyewe waliposikia ni nani watakaokaa. Vijana wetu watano hushinda humo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi, sisi wazazi tukipokezana zamu, kisha kila mmoja hurudishwa kwao. Nawaita vijana kwa mazoea ya mama, lakini mdogo wao ana miaka 22 na mkubwa ana 39. Walipokuwa watoto walikuwa na darasa la mahitaji maalum shuleni. Umri ukafika, wakaambiwa wamemaliza, na tangu siku hiyo hakuna kengele inayowaita popote. Serikali hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii kwa aliyeandikishwa, na tunashukuru. Daipa za mtu mzima peke yake humaliza pesa hizo kwa siku sita.

Mwaka jana mama mmoja wa kikundi chetu aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akalazwa wiki sita. Mwanawe ana miaka 31 na ana mtindio wa ubongo. Hatembei, hatamki maneno, na uzito wake ni wa mwanamume mzima. Ndugu walipokezana kukaa naye, wiki hapa wiki kule, na kila nyumba ilimpokea kwa moyo mweupe. Lakini hakuna aliyejua kwamba akiinua macho anasema ndiyo, na akiyafumba anasema hapana. Hakuna aliyejua kwamba halishwi akiwa amelala. Shangazi yake mmoja alimnywesha uji akiwa chali mkekani, kwa mapenzi tu, uji ukaingia mapafuni, akapata nimonia. Mama yake alipotoka hospitali kwa magongo alimkuta amekonda, na ana kidonda kwenye kifandugu kwa kulala upande mmoja usiku kucha. Nilipokwenda kumjulia hali aliniuliza neno moja tu: "Dada, na kama ningekufa?"

Sikuwa na la kumjibu. Kila mzazi wa kikundi hiki hulala na swali hilo.

Nami niseme langu. Nilikuwa nikiuza mahamri na mbaazi alfajiri, saa kumi na moja natoka, na binti yangu namfungia kwa kufuli mpaka saa tatu. Nilifanya hivyo miaka minne. Siku moja nilirudi nikamkuta kifafa kimemwangusha, amepasuka kipaji, damu imeshakauka. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Najua wapo wanaosoma hapa wenye kufuli kama lile. Mama, sikuhukumu hata kidogo. Njoo tukae pamoja.

Fikra ya nyumba hii tuliletewa na binti wa mwenzetu, anayefanya kazi ya kea, yaani kuwahudumia wasiojiweza, kule Uingereza. Wengi wetu tuna mtoto au mpwa mwenye kazi hiyo, Uingereza au Marekani, na hatujawahi kumuuliza hasa anafanya nini. Huyu alipokuja likizo alikaa nasi jioni tatu akatueleza. Alisema kule watu wenye mahitaji mazito anaowahudumia hukaa katika nyumba ya kawaida, mtaa wa kawaida, pengine na wenzao wawili watatu. Mkataba wa upangaji una jina la mkaaji mwenyewe. Wanaomhudumia wana mkataba wao mbali, kwa hivyo huduma ikiwa mbovu hubadilishwa wahudumu, yeye haondolewi kitandani pake. Kuna watu wa mchana na kuna mtu wa kukesha. Kuna daftari. Alitufundisha pia kumsogeza mtu kitandani kwa shuka la kuteleza badala ya kumvuta kwa makwapa, na migongo yetu inamwombea dua mpaka leo.

Tumeshauriwa mara nyingi, na watu wanaotutakia mema, tutafute ekari kadhaa huko Kilifi tujenge kituo kikubwa chenye ukuta tuwaweke wote pamoja. Wenzetu walishapita njia hiyo. Huko Staten Island, New York, palikuwa na kituo kilichoitwa Willowbrook, kilichojengwa kwa ajili ya watu 4,000. Katikati ya miaka ya 1960 mlikuwa mmejazwa zaidi ya 6,000. Watu walikaa uchi sakafuni, katika uchafu wao, wahudumu wakiwa wachache mno kuwafikia wote. Mwaka 1972 picha zilipoonyeshwa kwenye televisheni, Marekani nzima ilishtuka, wazazi wakaenda mahakamani, na mwaka 1987 kikafungwa. Penye watu 6,000 hakuna anayejua ni nani hufumba macho akikataa. Ndiyo maana tunataka mtaani, karibu na duka, karibu na adhana na kengele ya kanisa, mahali ambapo jirani akisikia kilio cha ajabu atagonga mlango. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unasema hivyo hivyo katika kifungu cha 19: mtu mwenye ulemavu ana haki sawa na wengine kuchagua akae wapi na akae na nani.

Natamani mngemwona yule kijana wa nimonia akila chakula cha mchana. Kwanza hukalishwa wima kwenye kiti chake, kimto chembamba nyuma ya shingo, kidevu kimeinama kidogo. Changu ametolewa miiba kwa vidole, akapondwa na wali laini na mchuzi wa nazi. Kijiko kidogo, tena nusu. Unangoja koo lipande na lishuke, ndipo unapeleka kingine. Sahani moja ni dakika 50, na akimaliza habadilishwi mkao kwa nusu saa. Katikati ya chakula unamwonyesha picha mbili, maji na juisi ya ukwaju, kisha unatazama macho yake. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu si mgonjwa, na sisi tunamuuliza. Mara ya kwanza alichelewa karibu dakika nzima, kama haamini kwamba anangojwa, halafu macho yakapanda kwenye ukwaju. Mama yake alikaa kitako akalia. Miaka 31 alikuwa akimpa maji.

Haya yote yameandikwa. Kila mmoja ana daftari lake la jalada gumu: anavyobebwa, anavyolishwa, kinachomtisha, anavyoonyesha kuwa ana maumivu, dawa zake na saa zake. Dawa za kifafa, kwa mfano, hazikatizwi ghafla, maana degedege laweza kurudi kwa nguvu lisikome. Akipelekwa hospitali daftari huenda naye. La binti yangu lina ukurasa mzima kuhusu honi za matatu.

Sasa pesa. Tumezoea harambee ya mawe na mabati, kwa kuwa jengo huonekana na jina la mchangiaji huandikwa ukutani. Hii yetu sehemu kubwa ni mishahara. Najua mishahara haimvutii mtoaji, lakini niwieni radhi niseme wazi: asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili usiku kucha: saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Kazi hiyo haifanywi na ukuta. Hufanywa na mtu aliyelala mchana, akala, akalipwa. Tukitegemea wa kujitolea, wiki ya tatu atasinzia, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Tunahitaji wahudumu watano, wanawake watatu na wanaume wawili, ili mchana wawepo wawili, usiku akeshe mmoja, na wengine wapate kupumzika. Kila mmoja shilingi 20,000 kwa mwezi, jumla 100,000. Kodi ni 30,000, chakula 40,000, daipa za watatu kati ya vijana wetu 29,000, dawa 12,000, maji na stima 9,000. Hiyo ni 220,000 kwa mwezi, yaani 2,640,000 kwa mwaka mmoja. Kabla ya usiku wa kwanza kuna kazi ya fundi: mlango wa bafu upanuliwe kiti cha magurudumu kipite, vidato viwili vya mbele viwe mteremko wa saruji, chooni pawekwe vishikio vya chuma. Tena kuna tangi la lita 5,000, maana maji ya mfereji hapa huja yanapotaka, na vitanda viwili vya kuinuliwa upande wa kichwa. Hayo ni 560,000. Yote pamoja ni shilingi 3,200,000. Familia tano tumeahidi 6,000 kila mwezi kila moja, sawa na 360,000 kwa mwaka. Wengine wetu tutazipata kwa kuosha nguo za watu, lakini tutazitoa. Mkononi tuna 412,000 kutokana na michango ya Ramadhani na sadaka ya Pasaka. Zimebaki 2,428,000.

Akaunti ina watia saini watatu: mmoja wa msikitini, mmoja wa kanisani, mmoja mzazi. Hesabu itabandikwa mlangoni kila tarehe 5, asome anayetaka. Mwanamke ataogeshwa na mwanamke, siku zote, na hakuna atakayeajiriwa bila cheti cha polisi cha mwenendo mwema na bila kushinda nasi wiki mbili tukimtazama. Mlango utakuwa wazi kwa mgeni wa ghafla. Sisi wenyewe tutakuja ghafla.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, baada ya swala ya Alasiri, ukumbini kanisani. Hatujaalika mgeni wa heshima. Vijana watano watakaa mbele, na yeyote asiyeweza kelele za ukumbi atabaki nyumbani na mzazi wake bila kulazimishwa. Kadi za mchango mtazipata kwa wajumbe wa kikundi. Nambari ya kutumia pesa imechapwa nyuma ya kadi, na tafadhali msitume kwa nambari nyingine yoyote. Usiku mmoja wa mtu wa kukesha ni kama shilingi 670. Ukiweza kuuchukua usiku mmoja tu wa kila mwezi, ukauchagua mwenyewe, tutaliandika jina lako kwenye daftari la zamu, tarehe hiyo. Wa ng'ambo pia mchague usiku wenu. Asiye na pesa na ana mikono, tuna saruji ya kuchanganya. Wavuvi mnaoteremsha samaki asubuhi, changu wawili watatu kwa wiki watatutosha. Na kama wewe ni muuguzi au mtaalamu wa mazoezi ya viungo, saa moja yako kwa mwezi kuwanyoosha viungo visikakamae ni mchango ambao hatuna uwezo wa kuununua.

Msingoje Jumamosi hiyo ndipo mje. Nyumba ni ile yenye mwarobaini mbele na mlango wa buluu, na mchana tupo. Ukimkuta binti yangu barazani usimpe mkono, wala usimsemeshe kwa sauti kubwa. Keti tu upande wa pili wa baraza. Ana kikombe chake cha plastiki cha manjano ambacho hampi mtu; akikusogezea, kipokee, hata kikiwa kitupu.