Dalali wa nyumba naye aulizwe leseni

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta chumba na sebule Tabata. Chini ya mwarobaini karibu na kituo cha daladala kuna ubao umeandikwa kwa chaki: VYUMBA, MASTA, FREMU, VIWANJA, na namba mbili za simu. Nikapiga. Akaja kijana na pikipiki, akataka shilingi 15,000 za kuonyeshwa kabla hata hajaniuliza uwezo wangu. Nikatoa.

Nyumba ya kwanza tuliikuta ina mtu. Mama wa watu yuko jikoni anasonga ugali, akatutazama, akasema, "Nyie ni wa nne leo, na mimi sihami." Dalali akacheka tu. "Ipo nyingine, dada, ila ni Segerea. Ongeza ya mafuta." Ya Segerea ilikuwa na kufuli, mwenye funguo hajulikani alipo. Kufika jioni, simu ya dalali nayo haipatikani.

Elfu kumi na tano si pesa ya kumwandikia mhariri, najua. Kilichonikalisha chini ni yaliyomkuta kijana wa jirani yangu. Alimkabidhi dalali mmoja, aliyejiita msimamizi wa nyumba, kodi ya miezi 6. Siku ya kuhamia kafika na kirikuu, godoro juu, jiko la gesi kalipakata. Getini akakuta wapangaji wengine wawili, kila mmoja na mkataba wa nyumba hiyo hiyo, sahihi ni moja. Mwenye nyumba yuko Tanga, hana habari. Polisi walipouliza jina kamili la dalali, wapangaji wote watatu walijua jina lake la utani na namba ya simu, basi.

Mthamini wa nyumba lazima asajiliwe, tangu 2016 tuna sheria yake. Bodaboda trafiki humdai leseni barabarani. Huyu anayeshika kodi yangu ya nusu mwaka, nani aliwahi kumuuliza yeye ni nani?

Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara 15, na udalali wa nyumba umo. Mgeni akikamatwa, faini haipungui shilingi milioni 10. Sawa, kazi ibaki kwa wazawa. Lakini waliotutapeli sisi si wageni. Dalali mzawa ameachiwa uwanja peke yake, na refa hayupo. Kuhusu sheria ya kusimamia sekta ya milki, yaani biashara ya nyumba na viwanja, ambayo wizara imeizungumzia miaka nenda rudi, huku kwetu mtaani hatujaona mkono wake.

Wala sisemi sheria peke yake inatosha. Wenzetu Kenya wanayo tangu 1984, na bodi ya kusajili mawakala wa nyumba wanayo. Asiyesajiliwa aliwekewa faini isiyozidi shilingi 20,000 za kwao au jela isiyozidi miaka 2. Faini hiyo dalali wa Nairobi anairudisha kwa nyumba moja tu, ndiyo maana wasiosajiliwa bado wamejaa.

Niwe mkweli: wapo madalali waungwana. Aliyenitafutia nyumba ninayoishi sasa, miaka 9 iliyopita, hakugusa senti yangu mpaka nilipokabidhiwa funguo, ndipo akachukua malipo yake, kodi ya mwezi mmoja. Mzee huyo ndiye analalamika kuliko mimi, maana kila mteja sasa anamtazama kama mwizi.

Ninachoomba hakihitaji kusubiri Bunge. Ofisi ya serikali ya mtaa iwe na daftari la madalali wa eneo lake: picha, namba ya kitambulisho cha Taifa, nyumba anazozisimamia na simu za wenye nyumba. Asiyemo asiweke ubao. Pesa ya kuonyeshwa ifutwe, dalali alipwe funguo zikishatolewa, kwa risiti. Na kodi iende kwa mwenye nyumba mwenyewe, si kwenye simu ya mtu wa kati. (Ya viwanja nitaandika siku nyingine, yataujaza ukurasa wako wote.)

Juzi nimepita pale kwenye mwarobaini. Ubao upo vilevile, ila namba za simu zimefutwa na kuandikwa nyingine.

Mpangaji,
Tabata, Dar es Salaam