Konokono wa Moorea hawakumalizwa na konokono wetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niongeze neno kwenye makala ya wiki iliyopita kuhusu kisiwa cha Moorea, jirani wa Tahiti katika bahari ya Pasifiki. Mwandishi ameisifu vizuri milima yake iliyochongoka, ghuba zake mbili, na ujio wa Kapteni James Cook mwaka 1777. Ila alipofika kwa wanyama alipita mbio, akasema tu kwamba konokono wa asili wa kisiwa hicho walimalizwa na konokono kutoka Afrika. Hapo nililiweka gazeti chini. Konokono anayetajwa ni huyu wetu wa pwani, na hakuwala wenzake.

Asubuhi ya leo, baada ya mvua ya usiku, nimewaokota sita kwenye tuta langu la mchicha hapa Tanga. Kila msomaji wa pwani anamjua: gamba la kahawia lenye michirizi, refu kama kiganja, na ute unaong'aa ukutani jua likichomoza. Hatoboi ila majani. Katika karne ya 19 alikwishafika Mauritius, na mwaka 1847 mtu mmoja akamchukua huko akampeleka Calcutta. Kutoka Asia akaendelea kuhamishwa kisiwa kwa kisiwa, mara kwa bahati mbaya ndani ya mizigo, mara kwa makusudi kama kitoweo au dawa. Tahiti alifika mwaka 1967. Kote huko alibebwa na watu.

Sikatai kwamba aliwaumiza wakulima. Hutaga mayai mamia kwa mkupuo mmoja, na mkulima wa kisiwa kidogo hana pa kukimbilia. Wataalamu wakaona dawa ya konokono ni konokono. Mwaka 1974 wakaleta Tahiti konokono mwindaji wa kusini mashariki mwa Marekani, ambaye Hawaii walikuwa wamemwachia tangu 1955 kwa kazi hiyo hiyo. Mwaka 1977 akaachiwa Moorea.

Mwindaji huyu hufuata ute wa mawindo yake kama mbwa afuatavyo harufu, na miti anapanda. Konokono wetu mkubwa hakumshughulisha sana. Alichokitafuta ni wadogo, na msitu wa Moorea ulikuwa umejaa partula, ndio wale konokono wa asili wa kisiwa.

Hawa ndio niliotaka wasomaji wawajue. Partula ni wa sentimita moja au mbili, mchana hujibandika chini ya jani, chakula chake ni ukungu na majani yaliyooza. Hatagi kama wetu. Mama huzaa mtoto mmoja mmoja, naye hutoka na kigamba chake tayari mgongoni. Moorea peke yake, kisiwa unachoweza kukizunguka kwa gari kabla ya chakula cha mchana, ilikuwa na spishi saba. Bonde hili wana rangi hii, bonde la pili rangi nyingine, na kuna spishi ambayo baadhi yao gamba limejisokota kulia na wenzao kushoto. Mmarekani Henry Crampton alitumia miaka mingi ya mwanzo wa karne ya 20 kuwapima mmoja mmoja, kwa sababu aliona kwao jinsi viumbe wanavyobadilika na kuachana. Wenyeji nao walitunga magamba hayo kuwa mikufu.

Kufikia mwaka 1988 wanasayansi walikuwa wakiandika kwamba spishi zote saba zimetoweka msituni. Miaka kumi na moja tu! Kuna wachache waliokuwa wamechukuliwa mapema wakatunzwa katika bustani za wanyama Uingereza na Marekani. Si wote waliookoka hata huko. Spishi moja ya kisiwa jirani cha Raiatea iliishia kwa konokono mmoja, akafa London Januari 1996.

Tangu 2015 vizazi vya waliookoka vinarudishwa Tahiti, kisha Moorea, kila mmoja akiwa na nukta ya rangi kwenye gamba ili atambuliwe. Mwaka 2024 waliokwenda kuwakagua Moorea walikuta partula waliokomaa wasio na nukta. Maana yake walizaliwa pale pale, mtini, wakakua bila msaada wa mtu. Nilisoma habari hiyo mara tatu, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Nang'ang'ania jambo hili kwa sababu nasi tuna deni kama hilo. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 kwa nia njema, na ilipofika miaka ya 1980 furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, wa aina mamia walikuwa wamepotea, wengine kabla hawajapewa jina. Wapo furu wanaoishi leo katika matangi ya kioo Ulaya na Marekani, kama partula walivyoishi. Watoto wetu wanajua bei ya minofu ya sangara, lakini furu wengi hawajawahi kumwona.

Kwa hiyo, Mhariri, nakuomba mambo mawili. Sahihisha ile sentensi. Kisha mtume mwandishi huyo huyo Mwanza, akae na wavuvi wazee, aandike majina ya furu waliowajua.

Mwalimu mstaafu wa biolojia,
Tanga